Jina la Pili Kwenye Kadi ya Hifadhi

Jumatatu, Oktoba 12

Mpendwa mshauri,

Nimesoma safu yako kila Jumatano kwa miaka sita bila kukuandikia, kwa sababu wanaokuandikia huwa ni watu wasiopanga mambo yao, na mimi napanga. Leo nimeshika kalamu kuomba msaada wako kwa jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelimaliza kwa dakika tano akiwa na penseli na karatasi, lakini mimi limenichukua miezi tisa na siku moja, nalo ni hili: je, kadi ya mwaka ya hifadhi ya taifa inafaa kununuliwa au haifai?

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, nimemaliza sekondari, na kwa miaka ishirini na sita nafanya kazi kwenye mizani ya barabara kuu, kule ambako lori linapanda juu ya bamba la chuma, mimi nasoma uzito, naandika, nagonga muhuri, na dereva anaapa kwa mama yake mzazi kwamba mashine imeharibika. Naandika shajara tangu kidato cha pili, kila siku mistari mitatu hadi sita, yenye tarehe, kwa hiyo haya nitakayokueleza sikuyatoa kichwani, nimeyanakili. Mke wangu anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, anashinda kwenye mvuke akitoa shuka mashineni na kuzikunja, na anasema ukishinda siku nzima mahali pasipo na dirisha, mti si mti tu. Nilimjibu kwamba mti ni mti tu, na kwamba upo mmoja nje ya dirisha la jikoni kwetu na haujawahi kudai kiingilio. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, lakini siku hiyo sikuandika hivyo, niliandika: "Januari 11, Jumapili. Mke wangu kaleta kipeperushi cha hifadhi. Tumejadiliana. Nimeshinda."

Hifadhi yenyewe iko mwendo wa nusu saa kwa basi, ni mlima wenye msitu, njia za kutembea kwa miguu, mabenchi kila baada ya mwendo fulani, maporomoko ya maji huko juu, na nyani ambao naambiwa ni kivutio. Kadi ya mwaka ni ya watu wawili wa familia moja, ina picha mbili na majina mawili, wenye majina wanaingia mara wapendavyo, wakiwa pamoja au mmoja mmoja, na jina likishaandikwa halibadilishwi mpaka mwaka uishe. Bei yake ni sawa kabisa na kiingilio cha kawaida cha watu wawili mara saba. Kwa hiyo, mshauri, ukienda mara sita umepata hasara, ukienda mara saba umetoka sare, ukienda mara nane umeanza kula cha serikali, na mimi kama mtumishi wa umma sikutaka kufika huko kabla ya kujiridhisha.

Nikamwambia mke wangu tusikurupuke, tufanye majaribio ya miezi sita, tulipe kila tunapokwenda, mimi nitaweka hesabu, na tukifika ziara saba tutanunua. Niliandika kanuni nne na kuzibandika kwenye mlango wa friji: ziara inahesabiwa tu kama sote wawili tumeingia, lazima tukae ndani si chini ya saa mbili, ziara ya kupeleka wageni haihesabiwi, na ziara ya siku ya mvua haihesabiwi kwa kuwa mtu anayekwenda mlimani kwenye mvua hafai kuingizwa katika takwimu. Mke wangu alizisoma akiwa amesimama, mkoba bado uko begani, akauliza, "Na nikifurahi sana, inahesabiwa mara mbili?" Nikamwambia furaha haina kipimo. Akasema, "Nimeona."

Februari 15, Jumapili, tulikwenda, mimi, yeye, na dada yake mkubwa, mjane wa miaka sitini na tatu, fundi cherehani, ambaye tangu nimwoe mdogo wake ananiita Bwana Mizani na hajawahi kuonyesha dalili ya kuchoka. Tuliingia saa tatu na dakika kumi asubuhi, tukatoka saa nne na dakika arobaini. Tulifika benchi la pili tu, nikasema turudi, viatu vinanibana.

"Shemeji," akasema dada mtu, "benchi la pili hata watoto wa chekechea wanalipita. Huko juu kuna maporomoko ya maji."

"Maji hata bombani yapo," nikamjibu.

"Bombani kwenu yanatoka siku ngapi kwa wiki?"

Niliandika: "Nyani wawili, mmoja nimemwona mgongo tu. Tumerudi mapema, viatu. Dakika tisini. Haihesabiwi."

Kuanzia hapo mke wangu akawa anakwenda na dada yake, Machi 8, Machi 22, Aprili 5, na kuendelea, kila siku yake ya mapumziko ikiangukia Jumapili au sikukuu, wanalipa getini kama kawaida, na mimi nikaendelea kuweka kumbukumbu kwenye safu niliyoipa kichwa cha ZISIZOHESABIWA, kwa sababu mmoja wa wahusika hakuwepo. Alikuwa akirudi na majani kwenye nywele na matope kwenye pindo la sketi. "Umeingia saa ngapi?" namuuliza. "Asubuhi." "Umetoka saa ngapi?" "Nilipotosheka." Hebu niambie, mshauri, mtu ataandikaje hiyo. Aprili 19 aliniletea viatu vipya vya kutembelea, vipana, soli laini, alivyonunua kwa malipo yake ya zamu za ziada, akaviweka mbele yangu juu ya gazeti, akasema, "Hivi havibani. Nimemuuliza muuzaji mara tatu." Nilimshukuru. Bado vimo kwenye boksi chini ya kitanda.

Julai 11 majaribio yalifika mwisho, nikamkalisha mezani baada ya chakula cha mchana nikamsomea matokeo: ziara zinazohesabika, sifuri, uamuzi, kadi haifai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa cha meza mara mbili kama anavyokunja shuka, halafu akasema, "Kwa hiyo utafiti umegundua kwamba hujaenda."

Nilimweleza mwenzangu wa zamu kule kazini, kijana wa miaka arobaini tunayemwita Kilo kwa sababu ya tumbo lake, nikitegemea angalau mwanamume mwenzangu ataona mantiki. Alikuwa anakula karanga kibandani. "Mzee," akasema, "lori likipita bila kupimwa unalikimbiza na filimbi mpaka kona. Mkeo anapita kila wiki mbili, wewe unamwandikia namba." Nikamwambia mambo ya ndoa hayafanani na malori. Akasema, "Ni kweli, lori huwa linarudi kuchukua karatasi zake." Nilimnyima karanga zangu siku iliyofuata.

Septemba 20 mke wangu aliacha simu mezani na picha ikiwa wazi, aliyopigwa na dada yake chini ya yale maporomoko, kalowa mpaka kwenye kope, anacheka mdomo wazi mpaka jino lake la nyuma lililozibwa linaonekana. Niliitazama muda mrefu kuliko inavyostahili picha ya maji. Shajara yangu ya siku hiyo ina mstari mmoja tu, jambo ambalo halijatokea tangu baba yangu alipofariki: "Anacheka. Sipo."

Sasa nafika kwenye shida yenyewe. Ijumaa iliyopita, Oktoba 9, jioni, alikuwa anapiga pasi sare yake, akasema bila kuinua macho, "Tarehe thelathini niko mapumziko. Nakwenda ofisi ya hifadhi kununua kadi."

Nikamkumbusha matokeo ya Julai.

"Nayakumbuka. Yako kwenye friji. Kadi ina majina mawili. La kwanza langu. La pili nimeliacha wazi mpaka asubuhi hiyo."

"Na likibaki wazi?"

"Halibaki. Dada keshapiga picha."

"Hilo ni shinikizo."

"Hapana, baba watoto," akasema, akigeuza kola. "Hiyo ni foleni. Wewe ulikuwa wa kwanza kwenye foleni tangu Januari, ukawa unahesabu waliosimama."

Mshauri, ningeweza kuishia hapo na ungekuwa na barua kamili, lakini nimesema mimi ni mtu wa kumbukumbu sahihi, na shajara yangu ina uongo mmoja. Februari 15 viatu havikunibana. Ni viatu vilevile ninavyosimama navyo kwa saa nane kila siku kazini. Kati ya benchi la kwanza na la pili kifua kilinibana, kama mtu anakaza mkanda akitafuta tundu la mwisho, pumzi ikaisha, moyo nikausikia masikioni, na shemeji yangu wa miaka sitini na tatu akanipita akiwa amebeba kapu la chakula huku anaimba, nikakaa, mke wangu akageuka akaniangalia usoni akauliza nina nini, na neno la kwanza lililokuja ni viatu, na likishaandikwa ndiyo limeandikwa. Tangu hapo imenirudia mara kadhaa kwenye ngazi za ofisi yetu, ngazi kumi na moja, nasimama ya saba na kujifanya nasoma tangazo lililobandikwa ukutani, tangazo la mwaka juzi la usafi wa vyoo, ambalo sasa nalijua kwa moyo. Nikikaa inatulia. Hospitalini sijaenda kwa sababu hospitali ni ile anayofanyia kazi, mlinzi ananijua, mapokezi wananijua, nikikaa kwenye benchi la wagonjwa dakika kumi habari itakuwa imefika kwenye mashine za kufulia. Na yeye anashinda na vitu vya wagonjwa toka asubuhi hadi jioni. Sitaki akitoka huko kwenda kutafuta miti aje aanze kunitembeza mimi kama mgonjwa.

Kwa hiyo naomba unijibu kwa mpangilio. Kwanza, kwa mtu wa hali yangu, kadi inafaa kihesabu? Pili, je, si haki kwamba matokeo ya majaribio yaheshimiwe na pande zote? Tatu, akimwandika dada yake, nifanye nini mwaka mzima siku za Jumapili? Safu yako hutoka Jumatano, na Jumatano ya tarehe 28 ndiyo ya mwisho kabla ya hiyo Ijumaa, hivyo ningeshukuru usinicheleweshe.

Wako katika kutafuta ukweli,
Mpimaji wa Malori

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Mpimaji,

Hongera. Kwenye meza hii nimeletewa waume waliowaficha wake zao mishahara, viwanja, na watoto waliokwisha ota ndevu. Wewe ndiye wa kwanza kumficha mkewe ngazi.

Nitaanza na hesabu, kwa sababu najua usipopewa hesabu hutasikia kingine. Nilichukua barua yako na kalenda, nikatafuta Jumapili na sikukuu, nikachoka, nikakadiria mke wako amepanda mlima ule mara kumi na nne hivi. Wewe utanisahihisha, una safu nzima yenye kichwa cha habari. Kiingilio cha mtu mmoja mara kumi na nne ni sawa na cha watu wawili mara saba. Ile saba yako. Yeye peke yake, kwa miguu yake miwili, alishakufikisha kwenye sare, na hapo sijamgusa dada yake aliyekuwa analipa pembeni yake kila mara. Wanawake hao wawili wamelipa bei ya kadi mbili ili wewe upate ushahidi kwamba moja haifai. Miaka ishirini na sita unapima mizigo ya watu, na huu ukakupita mbele ya pua kwa sababu haukuwa na wewe juu yake.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyosema, na wewe umeigeuza methali hiyo kuwa kanuni ya friji. Ila umechanganya nani hakuwepo. Mke wako alikuwepo mara zote. Kwa hiyo swali la kwanza limekwisha: kadi inafaa, inunuliwe, na usitumie tena neno "kihesabu" mbele yake mpaka mwaka mpya.

Swali la pili, kama matokeo ya majaribio yako yaheshimiwe. Bwana, majaribio uliyoyaanzisha wewe, ukayatungia kanuni wewe, ukayahujumu wewe kwenye benchi la pili, halafu ukayatangaza wewe baada ya chakula cha mchana. Kuna serikali zimeanguka kwa kidogo kuliko hapo. Mkeo alikujibu kwa sentensi moja na mimi sina cha kuongeza.

Sasa tuzungumze kuhusu ulichokuja kuniambia.

Barua yako ina kurasa tano. Nne ni za nyani, dakika na karanga. Ukurasa wa tano mwandiko unakuwa mdogo, mistari inabanana, na hapo ndipo unapotua mzigo mlangoni kwangu na kutaka kukimbia na maswali matatu. Nimekushika shati. Kejeli naiweka kando kwa aya moja, nitairudia.

Mimi si daktari. Nina meza, kalamu na birika la chai. Lakini kifua kinachobana unapopanda na kutulia unapokaa, kwa mtu wa miaka hamsini na saba, si jambo la kuandikia gazeti na kungoja Jumatano. Umeishi nalo miezi minane. Nilipoisoma barua yako nilimwomba mhariri tukutafute, lakini hukuweka namba wala anwani, kwa kuwa wewe ni mtu makini. Basi nakuomba kwa heshima yote, kama dada yako: uende leo. Usingoje kesho, na usingoje mpaka baada ya Ijumaa. Na ikikubana ukiwa umekaa, usitafute hata nauli ya basi, piga kelele watu waje.

Nimeirudia kejeli. Unasema huwezi kwenda hospitali ile kwa sababu wanakujua. Ni kweli, ni janga kubwa mtu kufika hospitali na kupokelewa na watu wanaomtakia heri. Wengine wanalala kwenye foleni wakiomba wamjue hata mfagizi. Wewe una mlinzi, una mapokezi, una mke ndani ya jengo, na unasimama ngazi ya saba ukijifunza usafi wa vyoo. Methali ya mficha maradhi unaijua, usinilazimishe kuimalizia gazetini.

Unasema hutaki akitoka kwa wagonjwa aje akutembeze wewe. Hapo nimekuelewa. Ndiyo sentensi pekee kwenye kurasa tano ambamo umemfikiria yeye. Lakini fikiria vizuri zaidi. Mke wako kwa miaka yote hiyo anafua shuka za hospitali. Anajua zinatoka kwenye vitanda vya nani. Nyingi alizokunja zilikuwa za wanaume waliosema ni viatu. Unadhani unamwepushia kazi, kumbe unamwandalia ile ya kukunja shuka yako, asiyoweza kuifanya na kurudi nyumbani.

Na tumtazame huyo mwanamke. Ulimwambia viatu, akakuamini. Akafanya zamu za ziada, akaenda dukani, akamuuliza muuzaji mara tatu. Akakuletea. Ukavifukia chini ya kitanda kama silaha. Tangu Aprili analala juu ya hivyo viatu akijiuliza kama kinachokubana ni yeye. Hujaliwaza hilo, naona, maana halina saa ya kuingia wala ya kutoka. Yeye haamini kwamba kifua chako kimechoka, kwa sababu hujamwambia. Anaamini kwamba umemchoka yeye. Barua yako yote haina mahali ulipomwambia vinginevyo.

Ukweli mwingine ambao mtu wa kumbukumbu sahihi angeuona: anayetaka kumwandika dada yake hangoji asubuhi ya tarehe thelathini. Dada ana picha, ana miguu, ana nyimbo. Angemwandika Machi. Jina la pili ameliacha wazi wiki tatu kwa ajili ya mtu mmoja mwenye shingo ngumu, na amekutangazia siku, mahali na utaratibu. Anakufahamu. Amekuandikia kanuni kwa lugha unayoielewa, na wewe ukaziita shinikizo.

Haya, fanya hivi. Gazeti hili unalisoma asubuhi, nadhani kibandani, na yule Kilo yuko karibu. Mpe filimbi na muhuri, malori atayapima yeye. Mpigie simu mkeo pale chumba cha kufulia. Usimwambie "tuna jambo la kujadiliana", maana mnajua nani hushinda mijadala yenu. Mwambie hivi: "Februari havikuwa viatu. Ni kifua. Nakuja hapo sasa hivi." Halafu funga mdomo umwache aseme atakayosema. Huenda akalia, huenda akakutukana, na usishangae vikija vyote viwili kwa pamoja. Usiandike dakika.

Daktari akikupima, atakwambia utembee, au usitembee, au utembee kidogo na dawa. Vyovyote atakavyosema, mke wako awe kwenye kiti cha pembeni anasikia kwa masikio yake, kwa sababu wewe kwenye kunakili una matatizo. Ukiruhusiwa kutembea, vile viatu vivae ndani ya nyumba kwanza siku mbili tatu. Vipya hubana kweli, na sasa hivi hakuna atakayekuamini. Ukizuiwa kupanda, bado nenda, keti benchi la kwanza na chupa yako ya chai, wenzako wapande, washuke, wakukute. Kadi ile haina mahali pa kuandika mtu alifika wapi.

Swali lako la tatu, akimwandika dada yake ufanye nini Jumapili. Utafanya wanachofanya watu wote wasio na kadi: utapanga foleni getini, utalipa kiingilio, utaingia. Ni bei ya mtu mmoja kwa siku moja, bwana, si ya kununua mlima. Wala usimnunie shemeji yako. Kwa miezi minane yeye ndiye aliyempa mkeo mkono kwenye mawe yanayoteleza, kazi iliyokuwa na jina lako.

Na zile kanuni nne kwenye friji zing'oe kabla yeye hajafika nyumbani. Usizichane mbele yake kwa maonyesho. Zing'oe tu.

Ijumaa ofisi ya hifadhi inafunguliwa saa mbili. Saa moja na nusu uwe hapo, na picha yako mfukoni, umekaa kando yake kwenye kiti. Mkiitwa dirishani mwache aongee yeye. Karani atauliza jina la kwanza, atalitaja lake. Atauliza la pili, naye atakugeukia akuulize kama una uhakika. Usimjibu kwa tarakimu.